Wadudu wasioalikwa kwenye tangi la samaki: wanakotoka na namna ya kuwatoa

Mdudu anayeonekana ghafla ndani ya tangi la samaki nyumbani amefika kwa njia moja kati ya nne. Amekuja na mmea, amekuja na maji au chakula hai, ameruka mwenyewe kutoka dirishani, au alikuwemo siku nyingi na wingi ndio umemtoa hadharani. Njia hiyo ndiyo inayoamua hatua ya kuchukua, na ndiyo watu wengi wanayosahau kuitafuta. Wanaona kitu kinatambaa kwenye kioo, wanakimbilia dawa, wanaimimina majini, na kesho yake wanaokota samaki. Wadudu wa majini wanaoweza kumuua samaki mzima ni wachache. Dawa ya kuua wadudu, kwa upande wake, inaweza kumaliza tangi zima kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumtambua aliyeingia. Mchote pamoja na maji kidogo, umweke kwenye kikombe cheupe au kifuniko cheupe cha ndoo, kisha umpige picha kwa simu ukiwa umekuza kamera na kumulika kwa tochi kutoka ubavuni. Tazama mambo matatu: idadi ya miguu, kilichopo mkiani, na jinsi anavyokwenda. Mwenye miguu sita iliyo wazi ni mdudu kweli. Asiye na miguu na anayejipindapinda ni kiluwiluwi cha mbu, cha kisubi, au ni mnyoo. Vidoa vyeupe vinavyorukaruka majini, au vitu vidogo vyenye umbo la punje ya dengu vinavyokwenda mbio juu ya changarawe, si wadudu. Ni jamaa za kamba, hawamdhuru samaki, na wengi huliwa kabla hujawaona. Wakizidi, punguza chakula unachotoa na ufyonze uchafu wa chini, basi.

Mgeni wa hatari: tunutu wa kereng'ende

Kereng'ende tunayemwona akipaa juu ya madimbwi huishi sehemu kubwa ya maisha yake chini ya maji akiwa tunutu, na huko ni mwindaji. Wako wa aina mbili, na inafaa kuwatofautisha. Tunutu wa kereng'ende mwembamba ana mwili mrefu mwembamba wa sentimita moja hadi mbili na nusu, na mkiani ana vijani vitatu bapa, ambavyo ni matamvua yake. Akiogelea hujitikisa kushoto na kulia. Tunutu wa kereng'ende mnene hana vijani hivyo. Ni mfupi na mpana, ana rangi ya tope, na anaweza kufika sentimita nne au zaidi. Huyu hupumua kwa kuvuta maji kupitia njia ya haja, na akishtuliwa huyatoa kwa nguvu akachomoka mbele kama mshale.

Kuna wa tatu anayefanana nao, na huuawa bila hatia. Ana nyuzi tatu nyembamba mkiani badala ya vijani bapa, na pembeni mwa tumbo ana vitamvua vinavyopepea. Huyo anakula mwani na uchafu tu. Ukiona nyuzi, mwache. Ukiona vijani, au ukiona mwili mnene usio na mkia, anza kazi.

Silaha yao iko mdomoni. Mdomo wa chini wa tunutu umekunjwa chini ya kichwa, na kitu kinachotembea kikikaribia hufyatuka mbele, ukanasa na kurudi, yote hayo kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Ukimgeuza chali kwenye kile kikombe cheupe utauona umelala kifuani, bapa, na ncha zake mbili zenye meno. Wanaoumia ni vifaranga vya gapi na moli, samaki wadogo wa tangini, na kamba wadogo. Tunutu mwembamba hawezi kumla gapi mkubwa. Yule mnene aliyekomaa anaweza. Dalili ya mapema ni vifaranga kupungua bila mizoga kuonekana. Ya pili ni maganda meupe yanayoelea, kwa sababu tunutu hujivua ngozi mara nyingi anapokua. Ukikuta ganda limeshika kioo juu ya mstari wa maji, ujue mmoja ameshatoka na kuruka, na huenda wenzake bado wako chini.

Swali linaloulizwa sana ni hili: mmea ulioshwa vizuri, mbona wameingia? Jibu liko kwenye jinsi mayai yanavyotagwa. Kereng'ende wembamba wote, na baadhi ya wanene, hutoboa shina au jani la mmea wa majini na kuyapachika mayai ndani yake. Kusuuza hakuyafikii. Mimea mingi inayouzwa Nairobi hukuzwa nje, kwenye mabeseni na madimbwi yaliyo wazi, na hata ile ya vitalu vya maua kando ya barabara hukaa majini mchana kutwa ambapo kereng'ende wanapita. Mwenye duka hana njia ya kuyaona mayai hayo, nawe huna.

Namna ya kuwatoa

Hakuna dawa ya kutegemea hapa. Kitakachomuua tunutu kitawaua kamba, na mara nyingi samaki pia. Chumvi haimsumbui kwa kiwango ambacho mimea inaweza kustahimili. Wala usibomoe tangi lote ukaosha kila kitu kwa maji ya bomba, maana bakteria wanaogeuza amonia wanaishi kwenye sponji na changarawe, na ukiwaua utasubiri wiki nne hadi sita maji yatulie tena. Kinachofanya kazi ni mikono, tochi na subira.

Anza kwa kuviondoa vinavyoliwa. Kisanduku cha plastiki cha lita tano, maji ya tangi lilelile na jiwe la hewa vinatosha kuhifadhi vifaranga kwa siku chache, ukibadilisha robo ya maji kila siku.

Zima taa ya tangi, usubiri kwa muda wa saa mbili. Tunutu hujificha mchana na hutoka gizani, akakaa kwenye shina au karibu na uso wa maji. Mulika polepole. Usimfukuze kwa wavu mkubwa, kwa sababu atachomoka na kujichimbia. Mkaribie na mpira wa kunyonyea maji wenye kipenyo cha milimita 10 hadi 12 ambao tayari unavuta, elekeza mdomo wake nyuma ya kichwa chake, naye ataingia. Maji yaangukie ndoo nyeupe ili uone kilichotoka. Mpira mwembamba wa hewa haufai, anaukwama.

Siku inayofuata toa mimea, mmoja mmoja. Weka maji ya tangi kwenye beseni jeupe, utikise kila mmea ndani yake, halafu uache beseni litulie dakika tano. Wanene hulala kimya na rangi yao inafanana na uchafu. Utawajua wanaposogea, kwa hiyo usilimwage beseni upesi. Chunguza pia pale majani yanapokutana na shina, ndipo wembamba hujibana.

Changarawe ifyonzwe theluthi moja kwa siku moja, si yote. Ukifyonza theluthi na kubadilisha asilimia 25 hadi 30 ya maji, tangi litabaki imara. Rudia theluthi nyingine baada ya siku tatu au nne. Sponji ya chujio ikamuliwe kwenye maji yaliyotoka tangini, na uangalie kilichodondoka, maana tunutu wadogo huvutwa humo na hunenepa kwa kula vilivyonaswa.

Zoezi la tochi lirudiwe kila baada ya siku tatu au nne kwa wiki tatu. Ukipita usiku mara mbili mfululizo bila kumwona hata mmoja, na ile theluthi ya mwisho ya changarawe imekwisha, vifaranga vinaweza kurudi.

Uliyemkamata umfanye nini? Kereng'ende ni rafiki wa mtu, hula mbu majini na hewani. Kama mmea ulitoka bwawa la hapahapa, mrudishe huko. Kama hujui mmea ulitoka wapi, usimwachilie, kwa sababu mimea mingine huagizwa kutoka nchi za mbali na hatuhitaji wageni zaidi. Na kwa vyovyote vile, maji na mimea ya tangi visimwagwe mtoni. Bwawa la Nairobi, karibu na Kibera, lilivyofunikwa na magugu maji linatosha kutuonyesha mmea mmoja wa kigeni unaweza kufanya nini.

Kuukagua mmea kabla ya kuuingiza

Karantini ndiyo kinga pekee inayofikia mayai yaliyo ndani ya shina, kwa kuwa inayasubiri yaanguliwe. Ndoo nyeupe, maji yasiyo na klorini, taa au dirisha lenye mwanga, na hakuna samaki. Mayai mengi ya kereng'ende huanguliwa ndani ya wiki moja hadi tatu, na baridi huyachelewesha. Nairobi kati ya Juni na Agosti maji yaliyo kwenye roshani hupoa sana, hivyo wiki nne zinazotosha mwezi wa Februari huenda zisitoshe Julai. Ama ingiza ndoo ndani, ama ongeza wiki mbili. Kila wiki tikisa mmea, mwaga maji yote kupitia kitambaa cheupe, ukague, ujaze mapya.

Zipo njia za haraka, na kila moja ina mpaka wake. Shabu, kijiko kikubwa kimoja kwa lita nne za maji, mmea ukilowa saa mbili hadi tatu, inasaidia dhidi ya konokono na wanyama walio nje ya mmea. Dawa ya kung'arishia nguo isiyo na manukato, sehemu moja kwa sehemu 20 za maji, inaua zaidi, lakini mmea usikae humo zaidi ya dakika mbili, na ule wenye majani laini sekunde 90 ni nyingi tayari. Ukitoka humo usuuzwe, halafu ulowe dakika kumi kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini mara mbili ya kipimo. Kuvumwani na mimea yenye majani kama utepe huungua kirahisi. Iepushe na njia hii.

Njia ninayoipendelea kati ya hizo ni maji ya soda, yale ya dukani yasiyo na sukari wala ladha. Jaza chombo, zamisha mmea wote, funika, weka gizani kwa muda wa saa 12 katika joto la kawaida la chumba. Gesi ya kaboni dioksidi na ukosefu wa oksijeni huwamaliza wanyama wanaopumua majini, mmea ukabaki salama. Suuza kabisa kabla ya kuutumia. Bado usiruke karantini kama una kamba au vifaranga vya thamani.

Chakula hai nacho kinahitaji kichujio. Wanaochota viluwiluwi au viroboto maji mtaroni na madimbwini huleta pia mabuu ya mbawakawa na tunutu wadogo. Pitisha kila kitu kwanza kwenye kichujio chenye matundu mapana, kinachobaki juu ukitupe, kisha kwenye kichujio cha chai, kilichobaki humo ndicho chakula. Maji yenyewe yasiingie tangini hata tone.

Mbu, na ndoo iliyo kando ya tangi

Kiluwiluwi cha mbu hakidumu mbele ya samaki mwenye njaa. Ukikiona kinaishi tangini, iko sehemu ambayo samaki hafiki: chini ya blanketi la mimea inayoelea, kwenye kisanduku cha chujio la kuning'iniza, au nyuma ya kizigeu. Fungua kisanduku hicho, punguza mimea hadi nusu ya uso wa maji ibaki wazi, na wiki hiyohiyo tatizo huisha.

Kiwanda halisi cha mbu ni ndoo ya maji ya akiba. Maji ya bomba Nairobi yametiwa klorini, na kwa kuwa huja kwa mgao, karibu kila mwenye samaki ana mtungi au pipa linalongoja. Maji yakiachwa wazi usiku mmoja ili klorini iruke, mbu wa Culex anaweza kutaga kifurushi cha mayai yaliyosimama pamoja, kinachoelea kama kipande kidogo cha masizi. Mbu wa Aedes, anayeeneza dengue na chikungunya, hutaga juu kidogo ya mstari wa maji, kwenye ukuta wa chombo, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji tu hakumsumbui. Ukuta wa ndoo unapaswa kusuguliwa kwa brashi.

Unaweza kuwatofautisha kwa jicho: kiluwiluwi cha Culex na cha Aedes huning'inia kichwa chini, mkia wake wenye bomba la kupumulia ukigusa uso wa maji, ilhali cha Anopheles, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Kwa joto la Nairobi safari ya yai hadi mbu mwenye mabawa huchukua zaidi ya wiki. Ukiweka utaratibu wa kutumia au kumwaga maji ya ndoo kila baada ya siku tano, ukisugua ukuta, na kuifunga mdomo kwa kitambaa na mpira, hakuna mbu atakayekamilika. Pipa kubwa lisiloweza kumwagwa linaweza kutiwa Bti, bakteria anayeua viluwiluwi vya mbu bila kuwadhuru samaki, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifurushi. Bti haimsaidii mtu mwenye tunutu. Haiwagusi.

Vile viluwiluwi vyekundu kama damu vinavyotokea kwenye uchafu wa chujio si vya mbu. Ni vya visubi wasiouma, na wekundu wao ni hemoglobini, inayowawezesha kuishi kwenye tope lisilo na oksijeni nyingi. Hujijengea vijumba vya uchafu, mirija midogo ya kahawia iliyobandika kwenye kioo au jiwe. Samaki huwapenda mno. Ukiwa na wengi, wanakueleza kwamba unalisha kupita kiasi na chini kumejaa mabaki.

Wanaoruka usiku

Taa ya tangi ikiwaka jioni karibu na dirisha wazi, uso wa maji humeremeta kama dimbwi, na wadudu wa majini wenye mabawa hushuka. Mdudu anayeogelea chali, mwenye miguu miwili mirefu inayopiga kasia, hula vifaranga na humchoma mtu vikali. Mshike kwa wavu, si kwa vidole. Mbawakawa wa mbizi ni mlaji vilevile, na buu lake ni baya zaidi: refu, lenye taya mbili zilizopinda kama mundu, ambazo hupitisha mate yanayoyeyusha nyama ya windo. Huyo anastahili kutolewa usiku uleule. Wale wenye miguu mirefu wanaotembea juu ya maji bila kuzama hawana neno.

Mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, huleta kumbikumbi. Samaki huwashambulia kwa furaha, na mmoja au wawili kwa samaki mkubwa ni karamu isiyo na madhara. Taabu huja wanapoanguka kwa makumi. Wana mafuta mengi, wasioliwa huoza, na mabawa yao huziba mdomo wa chujio. Toa mizoga na mabawa kabla ya kulala, usilishe kesho yake, na kama maji yana harufu badilisha asilimia 30.

Msimu huohuo huja Nairobi fly, yule mbawakawa mwembamba wa chini ya sentimita moja mwenye pingili nyeusi na za rangi ya chungwa. Hang'ati wala hachomi, ila damu yake ina sumu iitwayo pederini, na akipondwa juu ya ngozi huacha jeraha linalowaka na kutoa malengelenge. Hupenda kujibanza chini ya kifuniko chenye taa. Kabla ya kuweka mkono, tazama. Mwondoe kwa karatasi, na ukimgusa osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, usipanguse macho.

Dawa yao wote ni kifuniko. Kioo chenye nafasi ndogo ya kupitisha nyaya na mipira kinatosha, na juu ya nafasi hiyo kibandikwe kipande cha waya wa madirisha au pazia jepesi. Usitumie kabisa chandarua cha mbu kilichotiwa dawa, hata kikuukuu. Kimetengenezwa kwa permethrini, deltamethrini au jamaa zake, na hizo ni sumu kali kwa samaki. Matone ya mvuke yanayorudi tangini kupitia chandarua hicho yanatosha kuanzisha msiba.

Wapo wengine wasiostahili dakika zako nyingi. Vidoa vyeupe vinavyoruka juu ya uso wa maji bila kulowa ni kolembola, wanaokula ukungu na mabaki ya majani. Vidukari kwenye mimea inayoelea huzamishwa chini ya maji kwa saa chache, na samaki humalizia kazi. Sisimizi wanafuata kopo la chakula, si tangi. Liweke kwenye chombo kinachofunga barabara na mstari wao utatoweka.

Kitu kilichoganda kwenye mwili wa samaki ni habari nyingine kabisa. Kidude bapa, chenye uwazi, cha milimita tano hivi na macho mawili meusi, kinachohamahama kwenye ngozi, ni chawa wa samaki. Uzi mweupe uliochomoza kwenye magamba ni mnyoo nanga. Wote wawili ni jamaa za kamba na ni vimelea halisi. Samaki huyo atengwe siku hiyohiyo, na daktari wa mifugo atoe dawa na kipimo, kwa sababu mayai na watoto wao hubaki majini na tiba hurudiwa kwa wiki kadhaa.

Sumu inayotoka sebuleni

Vifo vingi vinavyosingiziwa wadudu huanzia kwenye kopo la dawa ya mende au koili ya mbu. Dawa nyingi za kupuliza nyumbani zina pairethroidi, zilizoigwa kutoka pareto, ua ambalo Kenya imelilima tangu enzi za ukoloni. Wako wanaodhani kwamba dawa ya pareto asilia, kwa kuwa imetoka shambani, ni salama kwa samaki. Si kweli. Mwili wa mtu huivunja upesi, wa samaki hauwezi kufanya hivyo kwa kasi ileile, na kiasi kidogo mno majini kinatosha kuvuruga mishipa yake ya fahamu. Kamba hufa kwanza. Ndiyo maana tangi lenye kamba waliokufa wote asubuhi moja, samaki wakiwa bado wanayumba, mara nyingi linaeleza kilichopulizwa jana.

Njia ambayo watu hawaifikirii ni pampu ya hewa. Inavuta hewa ya chumba na kuisukuma majini mchana na usiku, pamoja na chochote kilichopulizwa humo. Kufunika tangi huku pampu ikinguruma sakafuni hakusaidii kitu.

Mwenye nyumba akitangaza kwamba wapuliza dawa wanakuja kwa ajili ya mende au kunguni, jipange mapema. Omba chumba chenye tangi kiwekewe dawa ya mende ya jeli badala ya kupulizwa. Ikishindikana, usilishe siku hiyo, maana samaki mwenye tumbo tupu hutumia oksijeni kidogo. Nunua mita kadhaa za mpira wa hewa na uihamishie pampu chumba kisichopulizwa, mlango ukifungwa vizuri. Funika tangi lote kwa nailoni, uibandike pande zote kwa gundi ya utepe, juu weka taulo lililoloweshwa maji. Chujio la ndani liendelee kufanya kazi. Baada ya kupuliza, madirisha yafunguliwe kwa muda wa saa mbili au tatu, kisha taulo na nailoni vitolewe kwa kukunjwa kuelekea nje ili kilichotua juu kisidondoke majini.

Huna chumba cha pili? Zima pampu, lakini usisahau mji huu uko juu. Maji ya nyuzi 25 pale Mombasa hushika takriban miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita. Nairobi, kwa mwinuko wa mita 1,700, hushika karibu 6.7. Samaki wetu wanaanza na akiba pungufu, hivyo tangi lililosongamana halivumilii kufungwa zaidi ya saa tatu. Ni afadhali kuwahamisha kwa jirani ndani ya ndoo yenye pampu ya betri.

Mikono nayo hubeba sumu. Aliyempaka mbwa dawa ya viroboto, au aliyejipaka mafuta ya kufukuza mbu, asiiingize majini hata baada ya kunawa haraka. Atumie glavu au amwachie mwingine.

Ikiwa dawa imeshaingia, samaki wataenda mbio wakigonga kioo, watapumua kwa kasi juu ya maji, kisha watapoteza mizani. Usingoje kuthibitisha. Zima pampu ya hewa, toa hewa ya chumba kwa kufungua madirisha, badilisha nusu ya maji mara moja kwa maji yaliyoondolewa klorini na yasiyopishana na ya tangi kwa zaidi ya nyuzi mbili, na uweke kaboni amilishi, yaani mkaa maalumu wa kunyonya sumu, kwenye chujio, angalau gramu 100 kwa lita 100. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo. Fyonza uchafu wa juu ya changarawe, kwa sababu pairethroidi hushikamana na mabaki kuliko zinavyokaa majini. Rudisha pampu pale tu hewa ya chumba inapokuwa safi. Baada ya saa 24 badilisha asilimia 30 nyingine, na baada ya wiki weka kaboni mpya. Samaki waliovuka siku tatu kwa kawaida wanapona. Kamba wasubiri mwezi, na hata hapo watangulie wawili tu, wakae wiki moja, ndipo wengine waingie.